Sura Nyuma ya Waya

Kaka Maduhu,

Nimeolewa. Wiki ya tatu sasa naamka Ilemela, nyumbani kwangu, na bado nikifumbua macho namtazama mwenzangu nisiamini. Ni Elias, kaka. Yuleyule Elias uliyekuwa ukimdakia mipira chuoni na kumwita "mkono wa tope" akikosea kurusha. Ananichemshia chai kabla sijaamka. Akichelewa nusu saa tu, nimeshatoka mlangoni mara tatu kumwangalia. Nina furaha mpaka naona aibu, na kila furaha nataka uione, na kutaka huko kumenichosha.

Nikwambie kilichonimaliza nguvu zaidi. Chuo chenu huweka picha za wachezaji wa besiboli waliokiletea sifa kwenye Ukuta wa Heshima, pale ukumbini. Ya Elias ilibandikwa mwaka jana. Mwaka huu wamekuchagua wewe. Walitaka picha moja tu, ukiwa na sare ya timu, iwafikie kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Tukadhani ni jambo dogo. Kaka, huna picha. Mdakaji anacheza amechuchumaa, amevaa kinyago cha waya usoni. Niliwapigia simu wenzako wote. Wakatuma picha kumi na moja, na katika zote umechuchumaa nyuma ya waya. Ulikuwa unakivua ili umfokee Elias tu, na wakati huo hakuna aliyethubutu kukupiga picha.

Nikaenda Magu kwa Mama. Akanionyesha ile ya suti, iliyo juu ya kabati. "Si hii hapa? Unahangaika nini?" Hiyo ndiyo tuliyoitanguliza mbele ya jeneza. Sikuweza. Na hapo ndipo nilipojua kinachonitesa: nikifumba macho, naiona hiyo tu. Kadiri ninavyoizoea raha ya ndoa, nyingine zote zinafifia. Niliogopa hiyo ya jeneza ndiyo itakayobaki, kwangu na kwa kila mtu.

Jana, Ijumaa yenyewe, nilikwenda chuoni na Elias, nimechoka hata viatu vinanilemea. Tukampa mwalimu wa michezo picha yenye kinyago. Akaigeuzageuza.

"Dada, sura haionekani. Tutakuwa tunamheshimu nani hapa?"

Elias akamwambia, "Mwalimu, mimi nimemtazama humohumo kwenye waya miaka mitatu. Sura yake ndiyo hiyo."

Mwalimu akatikisa kichwa. Akaanza kuirudisha.

Mama Pili wa jikoni, yule aliyekuwa akikuwekea ukoko wa wali, alikuwa anapita na sufuria lake. Akachungulia begani kwa mwalimu.

"Maduhu huyo. Kisigino cha kushoto hakijawahi kugusa chini. Hata kwenye foleni ya chakula alikuwa anachuchumaa hivyohivyo. Namwambia simama kama watu, ananicheka."

Hakuna aliyekuwa amemtajia jina lako. Mwalimu akaitazama tena, safari hii taratibu, halafu akaitia kwenye bahasha na kuandika jina lako juu yake. Mimi nikakaa palepale barazani nikalia, Elias amenishika bega, maana nilikuona, kaka. Umechuchumaa na sahani mkononi, unamcheka Mama Pili. Sikuwa nimekuona hivyo tangu tukuzike.

Wataibandika mwezi ujao. Nakuahidi nitamleta Mama. Atalalamika kwamba sura haionekani. Nitamwacha alalamike mpaka amalize, halafu nitamwomba aangalie tena.

Kwaheri, kaka. Pumzika, na mimi niache nipumzike kidogo.

Mdogo wako,
Neema