Fimbo Iliyoegemea Muringa

Mpwa wangu Mwenda,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Niliiona kwa simu ya mama yako: shimo lililochimbwa na mashine, kona zake zimenyooka kama sanduku, udongo mwekundu kuliko huu wetu wa Muthara, na mke wako amesimama kando na miwani ya jua. Halafu bando ikaisha. Hivyo ndivyo nilivyokuzika, mimi mjomba wako.

Sijalia. Na unanijua. Baba alipokufa nililia mpaka watu wa Maua wakadhani ni lori limekosa breki, na ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Lakini kwako, hakuna kitu. Ni kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi: naugonga, najua ni wangu, hauniambii neno. Chai nakunywa. Majani ya ng'ombe nakata. Watu wakija kutoa pole nawaambia asante, kisha nawauliza kama kwao mvua imenyesha.

Kitovu chako kilipoanguka, nyanya yako alikifunga kwa jani la mgomba akaniita. "Kuja na jembe, wewe mwenye mdomo!" Nikachimba chini ya muringa, ule mti mkubwa wa mpakani. Ukiwa mdogo nilikuwa nakwambia nilichimba mpaka nikasikia watu wa upande ule mwingine wa dunia wakilalamika kwamba nawamwagia mchanga, na wewe ulikuwa unaamini. Nyanya alikifunika, akatemea mate ya baraka juu yake, akasema, "Huyu sasa hata aende wapi, ardhi imemshika." Baba yako hatukumjua. Ardhi yako ilikuwa hiyo, na mwanamume wa kukusimamia nilikuwa mimi.

Unakumbuka siku ya kuangusha mti mwingine, ule wa mbao za nyumba ya mama yako? Nilikuwa nimeshainua shoka, na shoka langu unalijua, mti huanguka ukiliona tu. Nyanya akanishika mkono. "Unabomoa nyumba na mwenyewe yuko ndani?" Akaegemeza fimbo kwenye shina, ikalala hapo, ili yule anayekaa ndani ya mti ateremke aipande. Asubuhi nikaibeba hadi mti mwingine, bila kuongea, bila kugeuka. Wewe ulinifuata ukiuliza, "Mjomba, ni mzito? Mjomba, amekaa upande gani?" Nafikiri ndiyo siku pekee uliyowahi kuniona nimenyamaza.

Halafu ukaenda Amerika kuendesha malori, ukawa unanipigia ukiwa barabarani. Siku moja ukaniambia habari za rafiki yako wa kazini, Mnavaho, wa wale wenyeji wa huko tangu zamani. Ati kitovu chake kimezikwa karibu na zizi la kondoo la nyanya yake. Ati wana milima minne inayowazunguka kama ua wa boma, na huyo nyanya huamka kabla ya jua, ananyunyiza chavua, ule unga wa maua ya mahindi, akiomba. "Mjomba, hasemi ardhi ni yake. Anasema yeye ndiye wa ardhi. Hawa ni Wameru waliopotea njia!"

"Minne ya nini?" nikakuuliza. "Sisi tuna mmoja na umetutosha. Mwambie mjomba wako aliupanda Mlima Kenya bila viatu, akateremka na barafu mfukoni, ikafika Makutano bado haijayeyuka."

Ulicheka mpaka nikafikiri umetoka barabarani. Kisha ukasema polepole, "Mjomba, kuna mlima mmoja hapa. Kila nikiupita asubuhi navua kofia. Sijui kwa nini."

Nikakwambia ni baridi imekuingia.

Kumbe ulikuwa umeshamwambia mke wako: nikifa, nilazwe mahali naona huo mlima. Ukafa, akafanya ulivyosema. Hakuna mtu hapa nyumbani amemlaumu.

Baada ya wiki mama yako akanijia zizini. Unajua Kendi hazunguki.

"Mwanangu alichagua mwenyewe," akasema. "Lakini kitovu kiko hapa na mwili uko kule. Amenyooshwa kama kamba ya nguo. Wewe ndiye mjomba. Mhamishe."

"Kendi, sisi ni watu wa kanisa."

"Kanisani nimeimba mpaka sauti imeisha. Nimesema mhamishe."

"Nimpeleke mti gani? Nivuke bahari na fimbo?"

"Si wewe uliogelea mto Tana na beberu mgongoni? Vuka." Hakucheka. Nami sikucheka. Akasema, "Mti wowote ulioangalia upande ule. Atajua njia."

Nikakata fimbo, nikaiegemeza kwenye muringa wako jioni. Alfajiri nikaenda kuichukua. Mwenda, mimi nimebeba magunia ya viazi mawili mawili, nimebeba ng'ombe aliyevunjika mguu kutoka bondeni. Nikaishika ile fimbo. Sikusikia huzuni, sikusikia woga. Mkono ulikataa tu. Niliona kwamba nikiiinua, hapo chini utabaki mchanga kama mchanga wa barabarani, mtu yeyote anaweza kuukanyaga.

Kendi alikuwa mlangoni. "Bado?"

"Bado."

Kesho yake akauliza tena. Siku iliyofuata pia. Sasa mvua imenyesha, konokono mmoja ameipanda fimbo akashuka upande wa pili, na mama yako haulizi tena. Ananiletea kikombe hapo hapo mtini, anakiweka kwenye jiwe, anarudi.

Sijakukataza kwenda. Mjomba akimkataza mpwa inakuwa laana, na hiyo siwezi kukutupia. Huo mlima kama unakutosha, ukae nao. Lakini ukisikia kitu kinakuvuta tumboni, hiyo saa ya kuvua kofia, usisumbue watu wa huko kwa maswali. Ni mimi huku, nimeshika upande huu wa kamba.

Mjomba wako,
ndugu ya Kendi