Dawa Uliyomtumia Baba

Vermont, 3 Machi 1819

Kaka Asaheli,

Huku theluji haijayeyuka, ila ng'ombe amezaa salama. Dawa yako ya zebaki ilifika, tukampa baba kama ulivyoagiza. Siku ya nne fizi zilivimba na meno matatu yakadondoka.

"Ndiye huyo daktari wako aliyesoma miezi mitatu," nikamwambia.

"Koma, Mehitabeli! Kaka yako anajua," akanijibu, akaomba kijiko kingine.

Nilikataa, akajichotea mwenyewe. Alifariki Jumapili, akikusifu kwa mdomo uliooza.

Usije kumlilia. Hata hivyo, wagonjwa wako wa Ohio wanaweza kupona ukiwaacha. Majirani wameniuliza baba kauawa na nini, nikasema homa. Nimesema hivyo kwa heshima yake, si yako.

Dada yako,
Mehitabeli