Ujumbe Usioitikia Salamu

Milanzi,
Sumbawanga.
10 Aprili, 2014

Mpendwa mdogo wangu Oswaldi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tanga? Wifi yangu Jane na watoto nao je? Na lile goti lako, limepoa? Sisi huku hatujambo, na safari hii neno hilo naliandika kwa moyo wote. Mahindi yamekomaa, ulezi nao unatia matumaini.

Umeshasikia kwa simu kwamba binti yangu Klementina amejifungua mtoto wa kike. Ila kuna jambo nilikuficha, na kwa kuwa simu hiyo ulininunulia wewe, ni haki yako kulijua.

Klementina alipoanza kliniki, nesi aliandika namba yangu, maana nyumba nzima simu ni hiyo moja. Kila Alhamisi ukawa unaingia ujumbe wa kumwelekeza mjamzito: ale nini, apumzike vipi, akiona dalili gani awahi hospitali. Nilifurahi sana. Ule wa kwanza niliujibu kama tulivyolelewa: nikamsalimu daktari, nikamuuliza habari za kazi na za nyumbani kwake, nikamweleza na hali ya mvua. Kimya. Wa pili nikasalimu tena. Kimya! Wa tatu ukaja bila hata hodi, eti nikitaka kujua zaidi nijibu kwa namba moja. Oswaldi, unanijua. Nikasema mtu mwenye kiburi namna hii hanifundishi kitu, nikaacha kuzifungua. Sikujua kwamba aliyekuwa akituma si mtu, ni mashine.

Ubaya haukuishia hapo. Jirani yetu Rahel, mke wa Mboje, naye ni mjamzito, nyuma ya Klementina kwa miezi miwili hivi. Ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao. Simu ya kwao anayo mume, na mume yuko bondeni na mifugo. Basi kila Alhamisi Rahel alivuka mto kwa miguu aje tuusome pamoja. Wiki tatu nikamwambia hakuna kilichoingia. Niliona aibu kusema kwamba nimenuna.

Alhamisi ya nne alimkuta Klementina kalala, uso umevimba, kichwa kinamgonga, anasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Mimi nilikuwa nimempa uji na kumwambia ni uchovu wa palizi. Rahel akaomba simu, akaitazama, kisha akaniangalia.

"Mama, mbona hizi hazijafunguliwa hata moja?"

Akazisoma kwa sauti, na wa pili kati ya hizo ulitaja kila nilichokuwa nakiona pale kitandani, ukamalizia: nenda hospitali sasa hivi.

Hakunilaumu. Na tumbo lake lile alikwenda kwao akarudi na shemeji yake Maganga na mkokoteni wa ng'ombe, maana kwa tope lile pikipiki isingepita. Tulipofika hospitali tukaambiwa presha iko juu mno, kifafa cha mimba kinamnyemelea. Tungengoja hadi kesho yake, huenda tungewazika wote wawili. Wakampasua jioni ile ile. Nililia kwenye benchi mpaka kitenge kikalowa, na mtoto alipolia nikacheka kama mwehu.

Sasa ni wazima, Mungu ashukuriwe! Mtoto ni mdogo lakini ananyonya kama ndama, na tumempa jina la mama yetu, Cornelia. Mkwe wangu Meshack amepanda kutoka Kipili na samaki wa ziwani, migebuka ya kutosha, hajui ambebe mtoto au amkumbatie mke.

Kwa padre nimeshaungama, Kwaresima hii hii. Rahel nilimwendea nikapiga magoti. Akaniinua, akasema nisimchoshe, ana mimba. Tukacheka. Nesi naye amemwandikisha kwa namba yangu.

Wifi Jane msalimie sana, na Isdori mwambie shangazi yake anangoja kuona ripoti ya shule. Dada Dominika anakusalimu, na Klementina anasema mjomba aje amwone mjukuu. Mungu awafikishe salama Pasaka, awape afya na riziki.

Niishie hapa, maana leo ni Alhamisi na ujumbe umeshaingia. Rahel amekuwa mzito, sasa mimi ndiye ninayevuka mto na simu kwenda kuusoma naye. Nimeujibu "Asante", nami sikungoja kuitikiwa.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fransiska