Uso wa Jiwe Ukingoni mwa Mto

Kaka Fidencio,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu mtoni. Mahindi yamebeba vizuri na nguruwe wetu amezaa.

Lakini habari kubwa ni jiwe. Mvua ilibomoa ukingo nyuma ya shamba la baba, mjomba Crisóforo akaona kitu cha mviringo, akadhani ni chungu. Walipochimba likatokea jicho, kisha mdomo. Kaka, ni kichwa cha mtu, kirefu kuliko mlango wetu, kimenuna kama mfalme aliyeamshwa usingizini! Wanaume wote walivua kofia bila kuambiwa.

"Nani alikichonga?" nikauliza.

"Wazee wetu," mjomba akanong'ona. "Kabla ya Wahispania, kabla hata ya majina yetu."

Baba haoni tena. Sikutaka kukuandikia hilo. Nilimshika mkono nikampeleka. Akapapasa shavu lile taratibu, akafika puani, mkono ukasimama.

"Hermelinda," akasema, "hii si pua ya Fidencio?"

Tangu mlipogombana ukaenda kwenye visima vya mafuta, hajawahi kulitaja jina lako.

"Basi na huyu wa jiwe alikuwa mkaidi," mjomba akamtania, "ndiyo maana amekaa ardhini miaka yote hiyo!"

Baba akacheka, kisha machozi yakamtoka, na mkono bado uko pale kwenye jiwe.

"Mwandikie," akaniambia. "Mwambie aje, na yeye nimpapase uso."

Njoo, kaka.

Dada yako,
Hermelinda