Bibi Alivyomjibu Mwamini

Twalibu, nimegombana na binti yangu Mwamini sasa hivi, mbele ya mama yetu.

Chuo kimemtuma ajifunze utafiti: awahoji wazee wa huku Vihingo walivyohamia kijiji cha ujamaa. Akaanza na bibi yake.

Akashika kalamu, akauliza, "Mlihama kwa hiari au mlilazimishwa?" Mama, ambaye kila siku anamwita "mke mwenzangu" na kumtania, akakaa wima kama yuko mbele ya katibu kata.

"Kwa hiari. Tulifurahi."

Tulifurahi, Twalibu. Watu wa operesheni ya kutuhamisha walimchomea nyumba, mahindi yakiwa darini. Mimi na wewe tulilala chini ya mkorosho, umesahau?

Na Mwamini akaandika. Hadithi ya ule moto anaijua tangu mdogo, lakini akaandika "walifurahi".

Nikamwambia futa. Ananijibu, "Baba, tumefundishwa tusimtilie mtu maneno mdomoni."

Nikamwambia huo ni usomi gani, unaandika uongo na unajua ni uongo? Mimi niliishia darasa la nne, lakini ule moto niliuona. Nilimpigia kelele mpaka jirani akachungulia.

Mama akanishika mkono ninyamaze. Akamuuliza Mwamini taratibu, "Hiyo karatasi inakwenda wilayani?"

"Hapana, Bibi. Inakwenda kwa mwalimu wangu chuoni."

"Mwalimu wa serikali?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi andika tulifurahi sana."