Kichwa cha Papai Chini ya Hadubini

Asma, uko wapi? Zulfa wetu kajimaliza leo 😭😭

Si unajua anavyochonga chuma kwa asidi pale Bombambili? Dokta Yohanes, yule mtafiti wa kahawa, alimpa kazi ya kibati chenye mistari myembamba kuliko unywele, cha kupimia wadudu chini ya hadubini.

Sasa mwehu huyo, akijaribu herufi ndogo kabisa, akachonga pembeni: "Dokta kichwa papai." Kwa macho ni kama vumbi tu. Alikusudia kukikata kipande hicho, akasahau. AKASAHAU, Asma!

Leo kakipeleka, nami nimemsindikiza. Kumbe hadubini ya Dokta imeunganishwa na tivii kubwa ukutani, na wageni wamejaa chumba kizima.

Dokta kukiweka tu kibati chini ya hadubini, PAPAI likatanda ukutani. Papai, mwenzangu!

Dokta akasoma kwa sauti, taratibu, kama padre misani. Zulfa, kwa kuchanganyikiwa, akamwamkia upya: "Shikamoo Dokta."

"Marahaba." Mzee akajipapasa kipara. "Hakuna herufi iliyovunjika. Nitengenezee vingine, binti. Ila safari hii andika vichwa vya hawa wageni."

Wageni wote wakajishika vichwa 😂

Kazi kaipata. Ila kajifungia chooni kwa Dokta, na kutoka hataki.