Siku Mliyosusia Bajeti

Kaka yangu mpendwa,

Hapa tunajikongoja. Paa la jikoni limezibwa, na mpwa wako ameng'oka jino la kwanza.

Nimepiga simu, msaidizi wako akasema, "Mheshimiwa yuko kikaoni." Basi naandika, shemeji yako akukabidhi mkononi.

Siku mliyosusia bajeti ya afya mkatoka bungeni, mama alikuwa wodini akisikiliza redio. Alipiga makofi. "Mwanangu haogopi mtu!" aliwaambia wagonjwa wenzake.

Bajeti isipopita, fedha hazitoki. Hospitali ikaishiwa dawa za mashine ya kusafisha damu. Nilitaka kumhamishia hospitali ya kulipia, akakataa katakata. "Nitatibiwa wanapotibiwa waliompigia kura mwanangu." Akavimba miguu, kisha uso, na bado akawa anakutetea: "Mvumilieni, ana mambo mengi."

Mama ametutoka leo asubuhi, kaka.

Sina nguvu za kukulaumu. Tunazika kesho alasiri. Majirani wanauliza kama mheshimiwa atahutubia, nimewajibu hapana. Njoo bila msafara, ukae nasi chini, ulie kama mtoto aliyefiwa na mamaye.

Ni mimi dadako, kitinda mimba wenu.